Kigae Kisichomegwa

Ng'ombe alikufa ndani ya duara. Angekufa nje, hakuna ambaye angeinua kichwa, maana nje ya duara radi za siku hizi huua kila masika, na watu wa Lusungo wamekwisha zoea kuzisikia habari hizo huku wakiendelea kumenya ndizi zao. Lakini huyu alikuwa amefungwa kwenye malisho ya Kipyela, upande wa ndani kabisa wa nguzo nyeupe za mpaka, mahali ambapo mnara wa leza uliahidi kwamba hakuna radi itakayogusa ardhi. Na mnara ulikuwa kazini. Kijiji kizima kiliuona uzi wake wa mwanga ukipanda mawinguni alasiri ile, ukizitafuta radi na kuziongoza hadi kwenye mlingoti wa chuma kule mlimani, moja baada ya nyingine. Moja ilipita pembeni, ikamkuta ng'ombe na kamba yake.

Dakta Tupokigwe Mwansasu alifika asubuhi yake pamoja na Bwana Nsubili, mkurugenzi wa Mamlaka ya Kinga. Nsubili alikuwa mtu mwema mwenye viatu vizuri, na vyote viwili vilimtesa kwenye matope yale. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, kisha uso ukamng'aa.

"Dakta, tazama. Waya wa uzio. Radi inapenda waya."

"Hiyo ni kamba ya mkonge, Mkurugenzi."

"Imelowa."

"Kila kitu kimelowa. Ni masika."

Nsubili alijifuta shingo kwa leso. Tupokigwe alichuchumaa, akashika pembe ya yule mnyama. Alimfahamu. Alikuwa ng'ombe wa baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, na aliletwa Kipyela angali ndama mwaka ule watu walipohama. Mtu mwingine angesikitikia maziwa. Yeye alishikwa na hofu, tena hofu ya mtu anayejua anachokiogopa, kwa sababu ukubwa wa duara lile haukutoka kwa mkurugenzi wala kwa serikali. Ulitoka kwenye kipimo chake yeye.

Watu wa Kipyela walikuwa watu wa mlimani. Mvua za siku hizi ziliubomoa mlima wao, maporomoko yakameza nyumba na mashamba, na waliobaki wakawa wanalala makanisani wakingoja kuambiwa pa kwenda. Ardhi ya Kipyela ilikuwa tupu na yenye rutuba, lakini ilikuwa tambarare ya radi, hakuna aliyethubutu kujenga pale. Ndipo mnara ukasimikwa Lusungo. Gwakisa, mumewe, alikuwa mtoto wa mlima ule. Jioni moja alirudi nyumbani akavua koti lake lililorowa, akamuuliza akiwa bado amesimama mlangoni:

"Mama Ipyana, wazee wanataka neno langu. Niwaambie waje Kipyela? Kweli duara linafika huko?"

Naye akamjibu huku akigeuza ndizi jikoni, bila hata kuweka kijiko chini: "Linafika na kuzidi. Waambie."

Gwakisa akawaambia, wakaja. Mwaka uliofuata homa ya mapafu ikamchukua, akazikwa huko huko Kipyela, uani kwa baba yake. Tangu hapo Tupokigwe hakuwa na mtu wa kumrudishia lile neno.

*

Maabara ya Lusungo ilishikana ukuta na tanuri. Bupe Mwaipopo ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuri, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na asubuhi ile alikuwa amejaa furaha. Kigae kipya, kile kinachokuwa moyo wa leza ya mnara, kilikuwa kimetoka. Kilikuwa na upana wa sinia, angavu kiasi kwamba ungeweza kusoma Biblia ukiwa umekiweka juu ya ukurasa, na ndani yake, katika unga mweupe wa madini ya itria uliokandamizwa na kuchomwa kiangazi kizima, zilikuwamo atomu za iterbi, madini adimu yanayojua kunywa mwanga na kuutoa tena. Kilikuwa cha mnara mpya wa watu wa Ndobo, kimepikwa sawasawa na kile cha mnara wa Lusungo. Ndobo walikuwa wamekwisha fagia barabara na kupanga nyimbo za kukipokea.

"Bupe," alisema Tupokigwe, "nataka kukimega."

Bupe alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akasimama mbele ya meza kama mtu anayezuia mlango.

"Dada, umelala kweli jana? Kigae hakimegwi."

"Najua tunavyosema."

"Si tunavyosema. Ndivyo kilivyo. Ukikimega ukingoni, siku ya dhoruba kinapasuka katikati. Hicho si kigae tena, ni kipande cha dirisha. Ndobo niwaambie nini?"

Desturi hiyo ilikuwa ya Lusungo peke yake, na Tupokigwe aliijua kuliko mtu yeyote kwa sababu aliishi nayo na kuitetea. Kwingineko kote, anayetaka kujua tabia ya fuwele au kigae humega kipande kidogo, hukisaga kuwa unga, hukipiga kwa mwanga mfupi, kisha huuzima na kutazama mng'ao unavyofifia. Ukikawia kufifia, atomu zinahifadhi nguvu vizuri, na leza itakayotengenezwa itakuwa na pigo zito. Ukififia upesi, pigo ni jepesi na duara linalolindwa ni dogo. Ni kipimo cha kwanza wanachofundishwa wanafunzi. Lakini Lusungo tanuri lilikuwa moja, unga wa iterbi ulikuwa wa kuhesabiwa kwa vijiko, na kila kigae kiliandamana na vigelegele kutoka tanurini hadi mnarani. Nani angethubutu kukileta mbele ya umati kikiwa na pengo? Wanawake wa tanuri walimuuliza waziwazi siku ile ya kwanza: chungu cha mkweo ungekimega ndipo uamini kwamba kinapika?

Kwa hiyo alikipima kizima. Alijua hatari yake. Katika kigae kinene, mwanga unaotolewa na atomu moja humezwa na jirani yake, naye huutoa, ukamezwa na wa tatu, hivyo hivyo mpaka upate njia ya kutokea. Anayetazama kwa nje huona mng'ao ukikawia na kudhani kwamba atomu zenyewe ndizo zenye subira. Tupokigwe alilijua hilo vizuri, akaketi akaliondoa kwa hesabu. Ilikuwa hesabu nzuri, aliionea fahari, na mchana wa majaribio, mnara ukiwa unapiga kwa nguvu ndogo ili usikichoshe kigae, kila kitu kilikubaliana nayo.

"Bupe, sikiliza," alisema. "Kwa nguvu ndogo, mwanga ukitoka kwa atomu moja, jirani yuko mikono mitupu, anaupokea. Katika dhoruba tunavichochea vigae kwa nguvu kubwa. Kila atomu imejaa. Mwanga ukitoka, hakuna jirani wa kuupokea, unapotea. Nadhani hesabu yangu iliwahesabu majirani ambao siku ya dhoruba hawapo."

"Unadhani."

"Nadhani. Ndiyo maana nataka kukimega."

Bupe alikitazama kigae chake. Alikuwa amekipikia moto kwa zamu na wanawake wenzake kiangazi kizima, na sherehe ya ubarikio ya mtoto wake mwenyewe aliikosa kwa ajili yake. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja chenye masizi, uso ukabaki na michirizi.

"Kama umekosea safari hii pia," alisema, "usinisemeshe tena, dada."

Ndipo akaishika patasi mwenyewe. Hakutaka mkono mwingine ufanye.

Kipande kilichotoka kilikuwa kama ukucha. Tupokigwe alikisaga kwenye kinu kidogo cha jiwe mpaka kikawa unga mweupe, akautandaza juu ya kioo, akafunga mapazia. Leza ya kupimia ilipiga, ikazima. Mng'ao wa iterbi hauonekani kwa macho, kwa hiyo walichokitazama ni mstari wa kijani kwenye skrini, ukipanda ghafla kisha ukishuka. Ulishuka upesi. Akapiga tena, na tena, akabadilisha kioo, akasafisha kitambuzi kwa pamba. Mstari ulishuka vile vile. Umri halisi wa mng'ao ulikuwa kama theluthi mbili tu ya ule aliouandika siku zile za vigelegele.

Bupe aliuona uso wa mwenzake ukiwa umeangazwa na skrini, akaenda akafungua mapazia.

Majuto yalimwingia Tupokigwe hapo hapo, akiwa bado ameshika pamba. Kama angekosea kwa kutojua, pengine angejihurumia. Yeye alijua, akaogopa vigelegele visije vikakatika.

*

Bwana Nsubili alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka akafunga mlango, ingawa karani wake alikuwa amekwenda kunywa chai.

"Duara linapungua mpaka wapi?"

"Linaikata Kipyela katikati. Nyumba za chini zote ziko nje."

"Na masika ndiyo kwanza yameanza."

"Ndiyo."

Mkurugenzi alikwenda dirishani. Kutoka pale uliuona mnara, na chini yake shule, zahanati, soko la ndizi, na paa za Lusungo zilizobanana.

"Tuongeze nguvu," alisema. "Taa zinazokichochea kigae hatujazifikisha mwisho. Tukizipandisha, pigo linakuwa zito, duara linarudi kwenye nguzo zake, na hakuna mama anayebeba mtoto na godoro kwenye mvua. Nakosea?"

"Hukosei. Lakini kigae kitapata joto ambalo hakikuumbiwa. Kitapasuka."

"Lini?"

"Sijui. Dhoruba ijayo, au ya mwisho wa masika. Kikipasuka, kitapasuka kikiwa kazini, radi zikiwa juu yetu. Hapo hakutakuwa na duara kabisa, Mkurugenzi. Hiyo shule itakuwa sawa na Kipyela."

"Kinaweza pia kisipasuke."

"Kinaweza."

"Basi nipe masika haya tu." Aligeuka, na Tupokigwe akaona kwamba hakuwa akijitetea, alikuwa anawaonea watu huruma kwelikweli. "Wale watu mlima uliwafukuza, Dakta. Nilikuwepo. Niliwaona wakichimba kwa mikono. Wamejenga, wamepanda, wana migomba inayozaa. Wewe na mimi ndio tuliowaita. Leo tuwaendee tuwaambie samahani, tulipima vibaya? Watatuamini tena kwa lipi? Na Ndobo, na wengine wote wenye vigae vyetu?"

Jambo lile lilimvutia Tupokigwe, na aliona aibu kwamba lilimvutia. Hakuna ambaye angejua. Masika yangepita, pengine salama, na kiangazi Bupe angechoma kigae kingine kilicho bora. Mzee Ambakisye angebaki kwake. Lile neno alilolisema akigeuza ndizi lingebaki kuwa kweli, angalau kwa nje. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu.

Akawafikiria watoto wa shule ile, ambao hakuna aliyewauliza kama wako tayari kubahatishwa ili yeye asione haya.

"Nilishawahi kubahatisha kwa ajili ya watu bila kuwaambia," alisema. "Sitaweza mara ya pili. Usipandishe taa. Nipe chokaa na mtu wa kunishikia kamba ya kupimia, nikapige mstari mpya."

"Wewe mwenyewe? Tuna vijana wa ardhi."

"Vijana wa ardhi hawakuwaita."

Nsubili alikaa, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Waambie madarasa ya Lusungo yatafunguliwa wapate kulala," alisema hatimaye. "Mashamba walime, lakini wingu likionekana wavuke mstari. Na usiwaambie kwamba niliomba masika moja."

*

Chokaa ilimwagwa asubuhi yenye jua, na Kipyela yote ikatoka kufuata. Hakuna aliyepiga kelele. Tupokigwe alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe, akakuta watu wanatembea nyuma yake taratibu kama wanaosindikiza jeneza, wakitazama kopo lake likimwaga ule mstari mweupe juu ya majani. Alikuwa ameeleza kila kitu mbele ya kanisa: mng'ao, majirani wa atomu, hesabu, kigae ambacho hakukimega. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza swali moja tu, kama mahindi yataruhusiwa kukomaa.

Watu walianza kumwomba mstari ulipofika kwenye nyumba.

"Dakta, huo unapita kati ya jiko langu na chumba," alisema Sekela, jirani wa baba mkwe wake, akiwa na mtoto mgongoni. "Jiko ndani, kitanda nje. Sogeza kidogo tu. Hatua mbili."

"Mama, haitasaidia. Radi haiuoni mstari. Nikiusogeza, utalala ukidhani uko ndani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Sekela alimtazama, kisha akamgeuza mtoto mgongoni na kuifunga upya kanga. Hakuwa na hasira. Akatembea naye bega kwa bega mpaka uani kwa Mzee Ambakisye, na hapo akamvuta mkono, akasema kwa sauti ya chini:

"Lakini kwa mkweo zungusha. Hakuna atakayesema neno. Mzee kapoteza mtoto, kapoteza ng'ombe."

Wengine walisikia, na kweli hakuna aliyesema neno. Walisimama nje ya uzio wakingoja. Tupokigwe aliona kwamba walikuwa wanampa zawadi, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote ya siku ile.

Alisoma kamba. Akaisoma tena. Kisha akaanza kumwaga.

Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa. Kwa desturi ya kwao mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso; akisikika anakuja, mzee huingia ndani. Wazee wa zamani hata sauti walinyimana. Hawa wa leo waliruhusu maneno yapite, mradi ukuta uwe katikati, lakini kwa miaka yote hiyo maneno ya Tupokigwe na Mzee Ambakisye yalikuwa yamepitia kwa Gwakisa. Hawakuwahi kusemeshana wao wenyewe.

"Ni nani huyo anamwaga kitu uani kwangu?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, baba. Tupokigwe."

Kikohozi kilisikika.

"Mke wa Gwakisa."

"Ndiyo, baba."

"Niliyasikia ya kanisani. Nilikuwa nimekaa nyuma, hukuniona. Nyumba yangu je?"

"Iko nje, baba."

"Migomba?"

"Ile ya juu iko ndani. Ya chini yote iko nje."

"Na mwanangu?"

Tupokigwe aligeuka kulitazama kaburi. Lilikuwa pembeni ya uwanja, limesakafiwa vizuri, na mtu alikuwa amelifagia asubuhi ile.

"Yeye yuko ndani."

Nyuma ya ukuta mzee alicheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya wowote, na kilimuumiza Tupokigwe kuliko laana.

"Basi Gwakisa kapata kinga," alisema. "Sisi tunaokula ndio tumeikosa."

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia awaite. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ndiyo, na sikuwa nimepima inavyotakiwa. Najuta, baba. Najuta kila siku inayopambazuka. Nisamehe."

"Hayo ya kusameheana usiniletee leo. Nina kuku wa kuhamisha." Aliposema tena, sauti ilikuwa karibu, kana kwamba amekuja kusimama kwenye ukuta ule ule ambao mkwewe alikuwa ameuwekea mkono. "Nataka kujua neno moja. Safari hii ulikimega?"

"Nilikimega, baba."

"Kikaharibika?"

"Kikaharibika kabisa."

"Basi mwaga," alisema mzee.

Akamwaga. Chokaa ilipita kati ya mlango na kaburi, na alipokuwa ameinama akiifuata kamba, alisikia huko ndani kitanda kikianza kuburuzwa.